Maneno Niliyoyapeleka Kambia

Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyepeleka maneno Kambia. Santigie alipotoka mzima kwenye kambi ya Ebola, niliwaendea wakwe zake kwa siri, nikawaambia shahawa zake zitamuua binti yao hata miaka ishirini ipite. Wakaja kumchukua binti huyo, Yainkain. Nami nikaendelea kuketi na Santigie kijiweni petu Port Loko, kwa fundi pancha, tukinywa chai ya ataya kutoka birika moja.

Juzi alitoka kliniki akitabasamu: kipimo cha pili mfululizo cha shahawa, virusi havionekani tena. Alisema amekwisha kupaka chumba chokaa. Usiku, alisema, bado hulala upande wake tu wa kitanda, ule mwingine haugusi. Kisha akageuza macho kwenye barabara ya Kambia.

Badala ya kumpa hongera tukaanza ubishi.

— Vile vidudu vina akili, alisema Redio, ambaye redio haimtoki sikioni. Askari wa mwili hawaingii ovyo kwenye korodani, basi vinajificha humo kama mwizi darini.

— Mwizi naye huondoka, kaka. Wamepima mara mbili, alijibu Santigie.

— Mwenda pole hajikwai, akasema Pa Bangali, mzee wetu, huku akitafuna kokwa ya kola.

— Hiyo inahusu nini hapa, mzee? akauliza Santigie.

— Inahusu korodani.

Tukacheka, Santigie naye kidogo. Pa Bangali akapata moto: akadai ugonjwa ukitoka mwilini huhamia kwenye kivuli cha mtu, na mtoto atakayezaliwa atamkimbia nesi kabla hajajua kutembea. Redio akakubali yote, akaongeza kwamba hata mihogo ya shambani kwa Santigie imeambukizwa.

Palikuwa na dereva wa bodaboda, mgeni, safarini kwenda Kambia, akingoja tairi lake lizibwe. Akauliza:

— Sasa kama vipimo ni safi, mkewe anangoja nini?

Redio akachungulia birika. Pa Bangali akaacha kutafuna. Santigie akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetaka kweli kuambiwa, hadi akafika kwangu. Tasbihi ilikuwa mkononi na sikuweza kuvuta hata punje moja.

Fundi akamaliza kujaza upepo. Nikasimama, nikamwambia yule dereva, Santigie akisikia:

— Mwanangu, mimi ndiye niliyewadanganya wakwe zake. Nipakie, unifikishe mlangoni kwao.