Leopoldina Rama Curado: Miezi Kumi na Moja Mbele ya Kaunta ya Binti Yake

Leopoldina Rama Curado, tunayemlaza leo Jumamosi, tarehe 6 Aprili 2024, alizaliwa hapa hapa Tentúgal tarehe 11 Novemba 1946, sikukuu ya Mtakatifu Martinho, watu wakiwa wanafungua mapipa ya divai mpya. Alikuwa mtoto wa pekee wa Emerenciana Rama, aliyetandaza kwa miaka hamsini na mbili unga uliokandwa wa pastel, zile keki za ganda jembamba na kiini kitamu cha mayai, na ambaye mikono yake ilijulikana mji mzima.

Alisoma madarasa manne ya shule ya msingi. Alifaulu mtihani wa mwisho Julai 1957, na kesho yake akaingia kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Mondego kung'oa magugu, maji yakimfika magotini. Mwalimu wake alimfuata mama mtu nyumbani kumsihi mtoto aendelee na masomo.

"Huyu ana kichwa cha hesabu, Dona Emerenciana."

"Basi atahesabu mayai," akajibiwa.

Na mayai ndiyo aliyoyahesabu. Akiwa na miaka kumi na mitatu alibeba kikapu kwa miguu hadi soko la Montemor. Hakusifu bidhaa yake hata siku moja. Alikuwa akisema yai ukilisifu sana, mnunuzi ataanza kulinusa.

Tarehe 3 Septemba 1966 alifunga ndoa na Abílio Curado, fundi mwashi. Binti yao, Graciete, alizaliwa Agosti 1967. Mwaka uliofuata Abílio alivuka mpaka kwa siri, akikwepa kupelekwa na jeshi kwenye vita vya makoloni ya Afrika, na Machi 1970 mkewe akamfuata Ufaransa, akamwacha Graciete wa miaka miwili na nusu kwa nyanya yake. "Mwaka mmoja tu," aliahidi mlangoni. Mwaka huo haukuisha. Huko Lyon alifagia ofisi za watu, kisha akapata meza ya mayai sokoni, kisha meza mbili. Mwana wa pili, Valdemar, alizaliwa kule mwaka 1975, akalelewa kule, mikononi mwa mama yake. Kila Agosti familia ilirudi kwa wiki tatu na masanduku ya zawadi. Graciete aliyafungua, akashukuru, akarudi jikoni kwa nyanya yake kujifunza kutandaza unga.

Emerenciana alifariki tarehe 9 Februari 1994. Leopoldina hakuja kumzika. Graciete aliosha maiti, alisimama peke yake kaburini, na tangu siku ile neno "mama" lilikoma kinywani mwake. Akawa anasema "Bi Leopoldina", kama anavyoitwa mteja. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini. Kulificha hilo hapa hakuna faida, kila mtu aliyesimama leo analijua.

Abílio alitutoka mwaka 2011. Machi 2023 daktari wa Lyon alimwambia Leopoldina kwamba moyo wake umechoka, na kwamba aanze kuhesabu miezi. Alikataa kupasuliwa. Alimfanya Valdemar aape kutomwambia dada yake.

"Akijua atanipokea kwa huruma, na huruma ni mali ya siku mbili. Anipokee mimi au anifukuze mimi. Huu moyo mbovu usiingizwe."

Tarehe 2 Mei 2023 aliteremka Tentúgal na begi moja, akasema amekuja kwa wiki mbili. Alipanga chumba juu ya kinyozi, ng'ambo ya barabara kutoka duka la pastel la Graciete. Kesho yake saa nne asubuhi alivuka, akasimama mbele ya kaunta.

"Pastel moja."

"Kitu kingine, Bi Leopoldina?"

"Nikichukua mbili utanipunguzia?"

"Hapa si soko la Lyon."

Alichukua moja, akakaa karibu na dirisha, akaila taratibu hadi vipande vya mwisho vilivyoanguka kwenye kisahani, vile vyembamba kama ngozi ya kitunguu, akaviokota kwa ncha ya kidole kilicholowa. Wiki mbili zikapita, hakuondoka. Alikula pastel, alikula na zile keki ndogo za jibini, na siku za Jumapili wali wa maziwa wenye mdalasini. Daktari alikuwa amemkataza mayai. Alisema mayai yamemlisha tangu utotoni na hawezi kuyavunjia heshima uzeeni.

"Leo kiini kimekosa moto kidogo," alisema siku moja, duka likiwa limejaa.

"Asiyeridhika ajue duka jingine liko pale kona," akajibu Graciete bila kuinua uso.

"Pale kona nilishakwenda. Ndiyo maana nimerudi."

Wateja walicheka. Graciete hakucheka, lakini siku iliyofuata kile kiini kilikuwa sawasawa, na Leopoldina alikiona na akakila chote. Kwake yeye hayo yalikuwa mazungumzo.

Ilipofika Novemba alikuwa akipumzika mara mbili kuvuka barabara yenye upana wa hatua kumi. Valdemar alipiga simu kila Jumapili.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Mama, muda unakwenda."

"Unaniambia mimi? Si mimi ndiye muda unakwenda naye?"

Januari, kwa kuwa dirishani kulikuwa na baridi, Graciete alisogeza kiti kimoja kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma, kando ya mlango wa chumba cha unga. Hakumkaribisha mtu. Alikiweka tu, na Leopoldina akakikalia.

Chumba hicho hakifunguliwi kazi inapoendelea. Unga hutandazwa sakafuni juu ya shuka nyeupe, wanawake wawili wakizunguka kwa soksi, wakiuinua na kuuvuta mpaka unapitisha mwanga. Upepo mdogo tu wa mlangoni huukausha na kuupasua, na asubuhi nzima imekwenda. Leopoldina aliyajua hayo tangu tumboni mwa mama yake.

Yamesemwa mengi mjini wiki hii: kwamba alianguka na kuachwa nje ya mlango uliofungwa, na kwamba binti alisikia akanyamaza. Ukweli ni huu, na aliyekuwemo chumbani na Graciete, yaani Otília, mwenzake wa kutandaza unga, yupo hapa na anaweza kuulizwa. Jumatano tarehe 27 Machi, siku nne kabla ya Pasaka, unga mkubwa kuliko wote wa mwaka ulikuwa umetandazwa ukuta kwa ukuta. Leopoldina alibanwa na kifua kwenye kiti chake. Mkono wake ulikuwa karibu na mlango, na hakubisha hodi. Otília alisikia kiti kikianguka. Alipogeuka, Graciete alikuwa tayari anakimbia katikati ya unga, unampasukia miguuni, akaufungua mlango wazi kabisa.

"Mama!"

Leopoldina, akiwa chini sakafuni, alifumbua macho, akatazama nyuma ya bega la binti yake.

"Umefungua mlango? Na unga wote ule? Wiki ya Pasaka?"

"Nyamaza, mama. Nyamaza upumue."

Hakurudi tena chumba cha kinyozi. Alilazwa nyumbani kwa Graciete, kwenye kitanda cha Emerenciana, kwa siku tisa. Siku ya tatu Graciete aliuliza alichokuwa hajauliza kwa miaka thelathini.

"Kwa nini hukuja kumzika nyanya? Kwa ajili ya meza ya sokoni?"

"Meza niliifunga wiki nzima. Nilikaa jikoni na tiketi ya treni mkononi. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Uso wako. Yeye alikuwa mama yangu, lakini wewe ulikuwa umefiwa zaidi yangu, na aliyefanya iwe hivyo ni mimi."

Graciete hakusema amesamehe. Alishuka dukani, akarudi na pastel moja ya moto, akaigawa mara mbili, na walikula pale kitandani wakimwaga vipande kwenye shuka bila kuokota hata kimoja.

Leopoldina alifariki jana Ijumaa, tarehe 5 Aprili, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, mkono wake ukiwa umeshikwa.

Karatasi hii ilikuwa tayari imeandikwa kumtaja kwanza Valdemar, mtoto aliyelelewa na marehemu. Jana jioni Graciete aliisoma na kuomba mpangilio ubadilishwe, naye Valdemar akakubali. Kwa hiyo Leopoldina ameacha mtoto wake wa kwanza, Graciete, mwanawe, Valdemar, na wajukuu watatu, Leandra, Gaspar na Noémia.

Mungu ampokee bila kumuuliza mengi, na amlaze pema kando ya mama yake.