Fundi Mwakani Ashusha Sanduku

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Idara ya Udobi ya hospitali yetu, fundi mkuu wa mashine anakabidhi funguo za chumba cha boila na kustaafu rasmi. Ukurasa huu ulikuwa utoke kwenye toleo lililopita la jarida letu la hospitali. Ulichelewa kwa sababu hadi majuzi hatukujua kama tunamuaga kazini tu, tuwe tunamtembelea nyumbani kwake, au tunamuaga moja kwa moja apande ndege. Sasa tunajua, na sisi wa chumba cha pasi tumepewa heshima ya kuandika, hasa kwa kuwa hakuna chumba kingine kilichojitolea.

Alikuja kama mgeni. Hospitali ilipoagiza mashine mpya za kufulia, kampuni iliyoziuza ilimleta kutoka nchini kwake azifunge na kuwafundisha wenyeji, kwa mkataba wa miaka miwili. Miaka miwili ikaisha, akaombwa aongeze mmoja. Akakubali, ila akatoa tahadhari kwamba mwakani anarudi kwao. Mwaka uliofuata akasema vilevile. Jina la Mwakani likamganda, na leo hata mganga mkuu humwita hivyo kwenye vikao.

Lugha alijifunzia kwetu, kwenye meza za pasi, katikati ya wanawake wenye shughuli nyingi na subira kidogo. Ndiyo maana mpaka leo fundi huyu, mtu mzima mwenye masharubu, anagomba kama mama wa watoto sita. Ukimwachia mlango wa kikaushio wazi atakuuliza kwa sauti ya juu kama kwenu hakuna milango. Mameneja waliohamia hapa walishtuka mwanzoni. Baadaye walizoea, wakaanza kufunga milango.

Mashine kubwa kuliko zote aliipa jina la Mama Mkwe, kwa maelezo kwamba hunguruma bila sababu, haipendi kuharakishwa, na usipoiamkia asubuhi mtakosana siku nzima. Alikuwa haiwashi kabla hajaigonga ubavuni na kusema, “Shikamoo mama.” Tulimcheka sana. Kisha akaenda likizo, fundi wa zamu akaiwasha bila salamu, ikamwaga maji ya povu mpaka mlangoni kwa mhasibu. Tangu siku hiyo idara nzima inaiamkia.

Katika mafanikio yake, la kwanza tunalotaja ni chujio. Nyuzi za mashuka zilikuwa zinaziba mtaro kila mara, na mafundi bomba walikuwa kama wafanyakazi wenzetu. Fundi Mwakani alichukua wavu wa dirisha uliotupwa, akaukunja, akaufunga kwa waya kwenye mdomo wa bomba, akasema ni wa muda tu. Bado upo. Mafundi bomba siku hizi tunakutana nao harusini. Kila alichotengeneza alisema ni cha muda: kishikio cha boila, reli ya mikokoteni, rafu za sabuni. Vyote vinafanya kazi hadi leo, na baadhi ya vile vilivyonunuliwa vipya vimeshakwenda kwa muuza vyuma chakavu.

Ndoa yake nayo ilianzia kwenye mashine. Mkunga mmoja wa wodi ya wazazi aliteremka udobini ameshika sare iliyorudi kutoka kufuliwa ikiwa imesinyaa kiasi cha kumtosha mtoto wa shule. Alikuja kugomba. Fundi, ambaye ndiye aliyekosea joto la maji, alikuwa hajui bado maneno ya kutosha ya kujitetea, kwa hiyo akakaa kwenye cherehani mbele yake na kuikunjua pindo mpaka mwisho. Haikusaidia, sare ilibaki fupi. Lakini mkunga alirudi wiki iliyofuata na sare nyingine ambayo haikuwa na kasoro yoyote, na sisi tuliokuwepo tukaelewa mambo. Wana watoto watatu, wote wakubwa, na wajukuu wawili.

Kwa hiyo kwa zaidi ya robo karne alikuwa mume wa raia, na sheria inampa mtu kama huyo haki ya kuomba ukaazi wa kudumu. Hakuomba. Aliendelea kuhuisha kibali cha kazi kila kilipoisha, kama kijana aliyefika jana. Tulidhani ni uvivu wa kupanga foleni. Mkewe ndiye aliyetueleza. Mama mzazi wa fundi alikuwa hai kule kwao, na siku ya kuagana fundi alimwahidi kwamba anakwenda kwenye kazi ya muda. Kuomba cha kudumu, kwake, ilikuwa sawa na kumwambia mama yake usiningoje. Mama alifariki miaka sita iliyopita. Mwana aliendelea kusema mwakani, ila kwa sauti ya chini.

Mwaka jana ofisa utumishi alimwita na kumweleza jambo ambalo sote tulikuwa hatujalifikiria. Kibali chake kinafuata kazi, na kazi ikiisha tarehe thelathini, kibali nacho kimekwisha. Asipokuwa na ukaazi wa kudumu kufikia siku hiyo, itabidi atoke nchini na kuombea huko nje, jambo linaloweza kuchukua mwaka au zaidi. Mkewe amefanyiwa upasuaji wa nyonga na hawezi kukaa mbali na kliniki muda mrefu hivyo. Fundi alirudi idarani, akaketi juu ya kapu la mashuka machafu, mahali ambapo yeye mwenyewe hukataza watu kukaa. Kurudi kwao sasa kulikuwa na tarehe, na tuliona wazi kwamba hakutaka kwenda. Maombi yakapelekwa Uhamiaji wiki ileile.

Kizuizi cha kwanza kilitoka kwetu sisi wenyewe. Mashine ya kuchukua alama za vidole ilikataa vidole vyake vyote. Mvuke, magadi na dawa ya kung’arisha mashuka vilikuwa vimezifuta alama zake, akabaki na vidole laini kama kijiko. Akaambiwa apumzishe mikono, arudi tena. Basi tukampiga marufuku kushika chochote. Wauguzi wa wodi ya upasuaji walimletea mafuta ya kupaka, nasi tukamvisha glavu, akawa anazunguka idarani mikono nyuma, anatoa amri kama bwana harusi. Alirudishwa mara mbili. Mara ya tatu mashine ilimtambua, akaingia udobini ameinua vidole juu kama aliyefunga goli.

Kilichobaki kilikuwa ukaguzi wa nyumbani, ambapo ofisa huja kuona kama kweli ni mke na mume wanaoishi pamoja. Mwandishi wa ukurasa huu alikuwepo kama shahidi kutoka kazini, ameketi sebuleni na kitenge chake kipya. Ofisa alikuwa kijana mpole, anauliza polepole na kuandika polepole. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoomba kuona vyumba. Juu ya kabati la chumbani palikuwa na sanduku la kahawia la vishikizo vya chuma, limefungwa, lina kibandiko chenye anwani ya nje ya nchi. Ofisa akauliza ni la nani.

Fundi Mwakani ana kasoro moja kubwa, hawezi kudanganya. Akajibu, “Langu. La kurudi kwetu.”

Akaendelea kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kujizamisha: kwamba alilipanga mkataba wa kwanza ulipokwisha, nguo zake nzuri zote zimo ndani, na hajalifungua tangu hapo. Mimi pale mlangoni nilitamani angekuwa bado hajui lugha. Ofisa akamwangalia, akaangalia sanduku, akauliza taratibu, “Mzee, unaomba kukaa moja kwa moja na huku umefunga mizigo?” Kisha akaomba lishushwe.

Fundi alipanda kiti akalishusha. Vishikizo vilikuwa vimekaza kutu, akavigonga kwa kiganja mpaka vikaachia. Ndani hapakuwa na shati hata moja. Palikuwa na blanketi la mtoto mchanga, sweta za shule za saizi tatu, viatu vidogo vilivyofungwa pamoja kwa kamba, mapazia ya nyumba waliyopanga zamani, na soksi nyingi zisizo na wenzake.

Sote tukamgeukia mkewe, aliyekuwa amesimama na mkongojo wake, hana wasiwasi hata kidogo. “Vyumba viwili, kabati moja, watoto watatu,” alisema. “Nguo zao ningeziweka wapi, kichwani? Zako nilizitoa wa kwanza alipoanza kutambaa. Umezivaa kazini mpaka zikachakaa, wala hukuuliza zimetoka wapi.”

Fundi alikaa kitandani na soksi moja ndogo mkononi. Macho yake yalijaa machozi, na yetu pia. Kisha akaanza kucheka. “Kumbe miaka yote hii,” alisema, “sikuwa hata na shati la kuondokea.” Ofisa akafunga faili lake, akaomba maji ya kunywa, na hakuuliza tena swali lolote.

Jibu lilikawia, na wiki hizo zilikuwa ngumu. Fundi alifundisha vijana wa zamu kila kitu anachokijua kuhusu boila, haraka haraka, kama mtu anayeitwa nje. Sisi tulikuwa hatumtanii. Wiki mbili zilizopita alitoka Uhamiaji akaja udobini moja kwa moja, akapita kwenye meza zetu, akamgonga Mama Mkwe ubavuni na kumwonyesha kadi. Ukaazi wa kudumu. Tulipiga vigelegele mpaka wodi ya jirani ikatuma mtu kuuliza nani amejifungua.

Desturi ya idara yetu ni kumzawadia anayestaafu begi la safari. Safari hii kamati ya zawadi ilikataa kwa kauli moja. Tumemnunulia kabati la milango mitatu, na nguo za watoto zimeshahamia humo. Sanduku nalo limepata kazi. Mwezi ujao, kwa ruhusa ya daktari wa nyonga, mume na mke wanakwenda kwao kwa majuma mawili kuzuru kaburi la mama, na tiketi ni za kwenda na kurudi. Mkewe amelipanga yeye mwenyewe, akamwita aje aone kwa macho yake kilichomo, asije akasema hakuambiwa.

Fundi wetu, asante kwa mashuka makavu msimu wa mvua, kwa kugomba kwako, na kwa vitu vyote vya muda ulivyotuachia. Uwe na afya, ulale mchana bila kengele ya boila kukuamsha, ucheze na wajukuu mpaka wakuchoke. Mama Mkwe tutamwamkia kwa niaba yako. Na mwakani tukipita kwako kunywa chai, tunajua tutakukuta.