Mtumbwi Namba Saba Ulivyong'arishwa: Risala ya Chumba cha Msasa

Mgeni rasmi,

Sisi mafundi wa chumba cha msasa tunakuamkia kwa heshima na kukukaribisha. Utuwie radhi kwa vumbi. Tumefagia tangu asubuhi, lakini vumbi la faiba tunayoundia mitumbwi halina adabu.

TULIKOTOKA

Tulianza watu wanne na ndoo mbili. Aliyetufundisha kazi ni mama mmoja tunayemwita Mama Tochi. Yeye huzima taa, akailaza tochi ubavuni mwa mtumbwi, na kila bonde na kitundu hujitokeza chenyewe. Kisha hupaka wino na kuufuta. Wino ukitoka wote, huo ni mkwaruzo, dawa yake msasa wa maji na polishi. Ukibaki kama uzi, ni ufa. Hapo hutoa sarafu mfukoni, akagonga na kusikiliza: ikilia kali, ndani ni pazima; ikilia butu, ndani pameachana.

MAFANIKIO

Mitumbwi kumi na miwili ya kuvusha wanafunzi mtoni iko tayari hapo nje. Ulipofika tulikuona umesimama kando ya namba saba, ukaweka sawa kola yako ukijitazama ubavuni mwake. Tulifurahi, kisha tukaona aibu.

CHANGAMOTO

Mwezi uliopita Mama Tochi alikuta nyufa nyembamba kama nywele kwenye namba saba. Wino ulibaki. Sarafu ililia butu, kama inagonga mkate. Akaomba wiki moja apafumue na kupajenga upya. Mkuu wetu wa karakana alimwambia hizo ni kasoro za sura tu, azizibe, mgeni anakuja. Mama Tochi alijibu taratibu:

"Mkuu, ngozi nitaitibu. Lakini huyu anaumwa ndani, na watakaopanda ni watoto wa watu."

Siku hiyohiyo akapewa ufagio.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuziba, mgeni rasmi, na hilo ndilo kosa letu. Hakuna aliyetushikia fimbo; tuliogopa kupewa ufagio na sisi. Tulisugua siku tatu. Jana, roho zilipotusuta, tulitaka kupawekea alama mahali penyewe, tusipaone. Ilibidi tumwite Mama Tochi. Aliweka ufagio chini, akapapasa kwa kiganja, akatuonyesha, akarudi kufagia bila kutulaumu hata kidogo. Afadhali angetutukana.

MAOMBI

Tulikuwa na ombi la barakoa na la feni. Hayo yatasubiri. Leo tunaomba namba saba usiikabidhi kwa mtu yeyote, na Mama Tochi arudishiwe kazi yake.

Tunajua mkuu wetu ameketi kulia kwako, na risala aliyoipitisha siyo hii. Huenda kesho chumba kizima tukawa na mifagio. Basi usituamini kwa maneno. Mama Tochi ni yule pale mlangoni, na sarafu yake anayo. Tunakuomba utoke naye hadi namba saba, sote tunyamaze, agonge, nawe usikie kwa masikio yako.

Mungu akufikishe kwako salama, na awafikishe ng'ambo watoto wote watakaovuka.

Ni sisi tuliouziba ufa,
Mafundi wa Chumba cha Msasa