Erastus Ekaju na Mashine ya Kichwa

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1969, Mzee Erastus Ekaju wa Osukuru atavua koti jeupe la hospitali yetu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati imeniomba mimi, mtu wa chumba cha dawa, niandike wasifu wake kwa ufupi na kwa heshima. Heshima nitaweza.

Alianza mwaka 1938 akiwa dresa, kazi yake kuosha vidonda na kufunga bendeji. Wagonjwa wa zamani wanakumbuka kwamba alikuwa akiwasimulia hadithi ndefu makusudi ili wasahau jinsi iodini inavyochoma. Baadaye alihamishiwa chumba cha eksirei, na huko akajifunza kusema "Usipumue!" kwa sauti ambayo hata wapita njia waliitii.

Kisha mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya Uhuru, mashine ya kupima mawimbi ya ubongo ikashushwa stesheni ya Tororo, zawadi ya marafiki wa ng'ambo waliokuwa wamepata mpya zaidi. Wakati huo wodi zetu hazikuwa na blanketi za kutosha, na wagonjwa walilala wawili wawili. Kamati ilikaa, ikatafakari mahitaji hayo kwa makini, ikaamua kujenga chumba cha mashine. Kilipata vioo, rangi na pazia. Mgeni yeyote mwenye cheo alipokuja, alipelekwa huko moja kwa moja kwa njia ya nyuma, asije akapotea na kuingia wodini.

Ekaju ndiye aliyefundishwa kuiendesha. Unapaka gundi kichwani mwa mgonjwa, unabandika nyaya, na kalamu za mashine zinachora mistari kwenye karatasi inayotembea. Siku ya ufunguzi, mwenyekiti wa kamati, Bwana Egau, alijitolea kupimwa mbele ya watu. Alikaa kitini huku akiendelea kutafuna njugu. Kalamu ziliruka kama panzi.

"Mnaona?" Bwana Egau aliuliza kwa fahari. "Huo ndio ubongo wa kiongozi."

"Hilo ni taya, Mheshimiwa," alisema Daktari Tom Ebong, mganga wetu wa maradhi ya akili.

Karatasi ile ilitiwa kwenye fremu. Mpaka leo inaning'inia sebuleni kwa mwenyekiti.

Tangu mwanzo Daktari Ebong alieleza kwamba mashine inasaidia kutambua kifafa, na pengine uvimbe ndani ya kichwa. Kuhusu huzuni ile nzito inayomwangusha mtu kitandani, alisema wataalamu wa dunia bado wanatafuta alama yake katika mistari ile na hawajaipata. Alieleza vizuri sana. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Ekaju alieleza vizuri zaidi. Kanisani kwao, baada ya matangazo, alisimama akawaambia waumini kwamba mashine yake haikosi kitu: kichaa inaona, uchawi inaona, huzuni inaona, uvivu inaona. Wanawake wakaanza kuleta waume zao. Mkewe, Mama Akwi, peke yake ndiye aliyekuwa na shaka.

"Wewe naona mawazo ya Tororo yote," alimwambia, "na kuni imeisha tangu juzi, hiyo hapana naona?"

Mambo yalikwenda hivyo kwa furaha ya wote hadi mwaka 1966, alipoletwa Metrine.

Metrine alikuwa mwanamke wa Busia, upande wa Kenya, aliyevuka mpaka kila siku kuuza samaki wakavu upande wetu. Wanaomkumbuka sokoni wanasema alicheka hadi wateja wa jirani wakahamia kwake. Kisha mtoto wake mchanga akafa. Akaacha kuvuka, akaacha kupika, na mwishowe akaacha kuoga. Aliamka kabla ya jogoo, akakaa akitazama ukuta. Mumewe, Rasto, karani wa kupitisha mizigo forodhani, alimvumilia kwa muda, halafu akamleta kwetu akiwa na msimamo wake tayari.

"Daktari, mimi nataka neno moja tu," alisema. "Kama mashine itasema ana wazimu, nitamrudisha kwao. Kama itasema ni mzima, basi ni uvivu, na dawa ya uvivu ninayo nyumbani."

Sote tulijua dawa hiyo ni fimbo ya aina gani.

Daktari Ebong alimlaza wodini, akaagiza kipimo ili kuhakikisha hakuna kifafa wala uvimbe. Ekaju akapaka gundi, akabandika nyaya. Metrine hakuuliza lolote. Mistari ikatoka safi, tulivu, ya mtu asiye na hitilafu yoyote.

Rasto alisikia habari hizo ukumbini kabla daktari hajamaliza kuisoma karatasi. Akamwita Bwana Egau, na wote wakaingia chumba cha mashine. Nilikuwapo, nimepeleka spiriti. Daktari alianza kueleza mara mbili, na mara zote mbili mwenyekiti alimkata kauli.

"Daktari, tumeinunulia mashine pazia," alisema. "Ikisema ni mzima, ni mzima. Kitanda kinahitajika. Ekaju, mwambie bwana huyu mashine imesema nini."

Ekaju alikuwa ameshika kitambaa cha kumfutia Metrine gundi. Kwa miaka mitatu hakuna mtu Tororo aliyeheshimiwa kuliko yeye. Machifu walimwamkia kwanza. Alimtazama yule mama, nywele zimegandamana, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Hii mashine nakamata kifafa," alisema. "Huzuni hapana nakamata. Mama ni mgonjwa. Mashine ndiyo haijui."

"Lakini uliwaambia watu kanisani haikosi kitu!" Rasto alifoka. "Shemeji yangu alikuwepo!"

"Nilidanganya. Nilipenda vile watu wanatoa kofia."

Bwana Egau alimuuliza kama anafahamu anaharibu jina la hospitali.

"Andika Ekaju ni mwongo, Mheshimiwa," alijibu. "Bandika hata mlangoni. Lakini mama abaki kitandani."

Sasa, kwa kuwa hakukuwa na aliyebaki wa kumkatiza, Daktari Ebong aliweza hatimaye kusema. Alimwambia Rasto kwamba mtu asiyelala, asiyekula, asiyelia wala kucheka tangu kuzika mtoto, huyo anaumwa, na vidonge vipo. Metrine akabaki.

Kamati haikuchelewa kutambua ushujaa wa Ekaju: ilimhamishia chumba cha kufulia. Mashine ikapewa mpwa wa mwenyekiti, kijana mwenye cheti. Ndani ya wiki chache alimtangaza sajenti mmoja wa polisi kuwa amekufa ubongo, huku sajenti mwenyewe akiulizia kofia yake iko wapi. Nyaya zilikuwa hazijachomekwa. Ekaju akarudishwa kimyakimya, bila kuombwa radhi, akiwa na mikono laini kwa sabuni.

Metrine hakupona kwa mkupuo. Kwanza alilalamika kwamba uji wetu hauna chumvi, na wauguzi wakafurahi kana kwamba wamesikia mahubiri. Kisha akalia, siku nyingi. Alipotoka alikwenda kwa dada yake Selpher, aliyeolewa Lunyo, na kutoka huko akaanza tena kuuza samaki, kikapu kidogo, halafu kikubwa.

Aliyefuata kuja alikuwa Rasto. Alikuja peke yake mwaka uliofuata, amekonda, shati limemzidi. Akasema hapati usingizi, na anataka apimwe kichwa.

Ekaju alivuta kiti lakini hakugusa nyaya. "Kwanza kaa," alisema. "Mtoto alikuwa naitwa nani?"

Rasto alifungua mdomo kulitaja jina, likamshinda. Alilia pale kitini mpaka wagonjwa waliokuwa foleni wakaondoka wenyewe kwenda kukaa nje. Kisha Ekaju akamshika mkono, akampeleka kwa daktari. Baadaye Metrine alimrudia mumewe kwa masharti yake mwenyewe, ambayo hakuyatangaza hospitalini. Tunachojua ni kwamba Rasto sasa hubeba kikapu.

Daktari Ebong anaamini siku moja mawimbi yale yatasaidia kweli kupima huzuni. Ekaju naye anaamini, na amesema siku hiyo ikifika aitwe, hata kama atakuja na mkongojo. Tangu siku ile ya Metrine, kila aliyekaa kwenye kiti chake ameambiwa kwanza mashine inaona nini na haioni nini, na hotuba hiyo ni fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa hapa.

Metrine ameomba kusema maneno mawili kwenye sherehe ya kumuaga Mzee. Kamati ilimkatalia kwa sababu hotuba ya mwenyekiti ni ndefu. Sisi wafanyakazi tumemweka azungumze kabla ya mwenyekiti kufika.

Mzee Ekaju, asante kwa mkono mwepesi na kwa ukweli uliokugharimu. Nenda Osukuru ukalime, ukapasue kuni kabla hujaulizwa. Mvua ikunyeshee kwa wakati wake, wajukuu wakuzunguke. Na ikitokea siku moyo umekuelemea, usikae nao peke yako. Tuma mtu, tutakuja na viti vyetu.