Ametoka kwa Maana Ipi?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha fundi viatu na duka la kinyozi, na kila anayelikalia ana sehemu yake iliyokwisha kung'arishwa na suruali yake. Mwisho wa kulia hukaa mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Kamusi, kwa sababu neno haliwezi kumpita bila yeye kulikamata shati. Katikati huja na kuondoka Wembe, kinyozi, ambaye huacha wateja na povu shavuni ili aje amalizie ubishi. Kahawa ni ya Bi Birika, na ole wako umkatize akiwa anamimina. Fundi viatu mwenyewe, Soli, hakai benchini. Hukaa mlangoni mwa kibanda chake, kiatu cha mtu kati ya magoti, macho kwenye kazi na masikio yote benchini. Kando yake kuna kigoda kilichorundikwa soli za mpira mpaka juu. Ukijaribu kukisogeza anakwambia, "Hapo pana mwenyewe," na huulizi mara ya pili.

Asubuhi hiyo kahawa ya kwanza ilikuwa haijapoa na tayari Wembe alikuwa amesimama.

— Nasema hivi, katoka kwa maana ya katoka!

— Hiyo ndiyo maana uliyokuwa nayo? aliuliza Kamusi. Au ndiyo kwanza unaitafuta?

Kisa kilikuwa Nyumba ya Mafundi. Mafundi kumi, kila mmoja na namba yake, walifungiwa katika nyumba moja yenye kamera kila pembe, kila wiki wakapewa kazi, watazamaji wakapiga kura, na mwenye kura chache akafungasha virago. Wiki sita zimepita, wamebaki wanne. Sasa jana jioni mtangazaji, kijana mmoja wa miwani ya rangi ambaye hawezi kusema jambo bila kurukaruka, alichana karatasi ya sheria mbele ya kamera na kupiga kelele: "Mambo yamegeuka! Wiki hii, atakayepata kura nyingi kuliko wote, huyo ametoka!" Muziki ukapigwa, taa zikazimwa, kipindi kikaisha. Kura zinafungwa leo saa kumi jioni.

Jambo hilo lingekuwa ubishi wa kawaida tu, kama Namba Nne asingekuwa binti wa Soli.

— Kutoka ni kitenzi, alisema Kamusi. Kinyume chake ni kuingia. Ukitoka ndani, uko nje. Mwenye kura nyingi anafukuzwa. Sioni pa kubishana.

— Mwalimu, Kiswahili chako kimekaa sana kabatini. Siku hizi tukisema fulani ametoka, mambo yake yamenyooka! Ametoka kimaisha! Hata shati zuri tunasema limekutoa. Mwenye kura nyingi anakwenda fainali moja kwa moja.

— Kijana, kitenzi hicho nimekifundisha miaka thelathini na moja.

— Na wanafunzi wako walitoka?

— Wote.

— Kwa maana ipi?

Kamusi akaomba sukari.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja, alisema Bi Birika. Mtoto wetu tumpigie au tusimpigie?

Hapo ndipo palipowaka, maana Wembe alikuwa amekwisha kumpigia. Kura ni moja kwa kila simu, ila Wembe ana wateja. Mtu akishapakwa povu nusu ya uso hana pa kukimbilia: apige kura kwa Namba Nne kwanza, ndipo amaliziwe nusu ya pili. Tangu jana jioni alikuwa amekusanya kura kumi na tisa kwa mtindo huo.

— Kama maana ni ya mwalimu, alisema Bi Birika, basi wewe umemsukuma mtoto nje na watu kumi na tisa.

— Kura zinabadilishwa mpaka saa kumi, alisema Wembe, lakini sauti ilikuwa imepungua.

— Wateja wako utawapata wapi? Wameshanyolewa, hawarudi mpaka wiki mbili.

Wembe akakaa chini.

— Na salamu je, uliwaandikia nini? aliuliza Kamusi.

Kila kura huja na nafasi ya salamu ya maneno matatu, na kwa kila mshindani huchaguliwa salamu moja ikasomwa hadharani siku ya matokeo.

— "Kaza buti, dada." Wote kumi na tisa.

— Hamna ubunifu. Mimi kila wiki ninamwandikia "Hongera, angalia tahajia." Ule mkoba wake wa wiki ya pili aliuandika "ngonzi halisi." Taifa zima limeona.

— Ila mshono! alisema Wembe, akipata nguvu upya. Mnaukumbuka mshono wa ule mkoba? Nyuzi mbili, zimepishana kama...

— Uzi mmoja, sindano mbili, ilisema sauti kutoka kibandani.

Wote wakageuka. Soli alikuwa ameinamia kiatu, nyundo mkononi, uso mkavu.

— Mzee, si unasema hutazami? aliuliza Wembe.

— Sina muda wa kutazama watu wakitazamwa. Nilipita tu dirishani kwa mtu.

— Ulipita kwa dakika ngapi?

— Mshono ulikuwa mrefu.

Bi Birika alifunika mdomo kwa kanga. Wote walijua kwamba taa ya samawati ya televisheni huwaka nyumbani kwa Soli kila siku ya kipindi, na kwamba mapazia huvutwa kwanza.

— Sikilizeni, alisema Bi Birika. Nyie mnasikiliza maneno, mimi niliangalia macho. Alipotamka "ametoka," yule kijana alikonyeza jicho la kushoto. Mtu hakonyezi kwa habari mbaya.

— Labda lilimwingia vumbi, alisema Kamusi.

— Ndani ya televisheni, vumbi la wapi?

— Mimi nina habari nzito zaidi, alisema Wembe, akiinama kama anayetoboa siri ya serikali. Ipo nyumba ya pili.

— Ya pili?

— Nyuma ya mlango mwekundu. Wale sita waliotolewa, nani amewahi kuwaona mtaani?

— Mimi, alisema Kamusi. Namba Saba, fundi seremala. Nilimwona dukani ananunua sabuni.

— Una hakika ni yeye?

— Alikuwa na masikio yale yale.

— Masikio yanafanana, mwalimu! Mimi nashika masikio ya watu tangu asubuhi mpaka jioni, nakwambia yanafanana. Wale sita wako nyumba ya pili, wanalala vitanda vya sita kwa sita, wanacheka. Shindano lenyewe liko kule. Hawa wanne tunaowatazama ndio walioshindwa, ila hawajaambiwa.

Kamusi aliweka kikombe chini. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hoja ikishaanza kutembea, hata kama ni ya kijinga, hawezi kuiacha iende peke yake.

— Subiri. Kama aliyetolewa ndiye aliyeshinda, basi walio nje wote ni washindi.

— Eeh!

— Na sisi tuko nje.

Wembe aliinua kichwa, akatazama nguzo ya umeme, akatazama waya kama kuna kamera, halafu akaweka sawa nywele zake polepole.

Ndani ya kibanda Soli alipiga msumari mmoja mara tatu zaidi ya ulivyohitaji. Kwa kawaida upuuzi wa Wembe ulimchekesha kimoyomoyo. Leo kila waliposema neno lile, alihisi kama wanamtaja yeye. Binti yake alijifunza kushona juu ya kile kigoda tangu ana miaka kumi, ulimi nje, msharasi wa kutobolea ngozi mkubwa kuliko mkono wake. Soli alipanga kumwachia kibanda. Siku barua ya kukubaliwa Nyumba ya Mafundi ilipofika, binti alisimama pale pale mlangoni na begi lake, akasema, "Baba, nakwenda." Soli hakuinua kichwa. Alisema, "Ukitoka, umetoka." Binti akangoja kidogo, akaona baba yake anaendelea kupiga nyundo, akaenda.

Tangu siku hiyo kigoda kilijaa soli. Kila wiki Soli alimpigia kura kwa siri, nafasi ya salamu akaiacha tupu. Wiki hii tu ndiyo hakupiga. Kama maana ni ya Kamusi, kumnyima kura ni kumweka mbali zaidi. Kama ni ya Wembe, ni kumkatia njia. Naye alikuwa amemkumbuka sana mwanawe.

— Hamjambo jamani? Fundi ni nani hapa?

Alikuwa muuguzi, sare nyeupe, mguu mmoja na kiatu na mwingine juu ya ncha za vidole, kiatu cha pili na kisigino kilichong'oka vikiwa mkononi. Hawakuwahi kumwona hapo.

— Ni mimi, mama. Lete.

— Nina zamu saa nne, baba. Naomba unisaidie haraka. Naweza kukaa hapo?

— Hapo pana mwenyewe.

Kamusi akasimama na kumpisha mahali pake, jambo ambalo Bi Birika alilisimulia wiki nzima. Muuguzi akakaa, akapewa kikombe, akauliza ubishi ni wa nini. Wakamjibu wote watatu kwa pamoja: kitenzi, jicho la kushoto, mlango mwekundu, kura kumi na tisa. Hakuna aliyekumbuka kusema Namba Nne ni mtoto wa nani.

— Ngojeni kwanza, alisema. Mimi hicho kipindi sikitazami, nielewesheni taratibu. Huyo binti akipata kura nyingi, ametoka.

— Ndiyo.

— Na hamjui ni kutoka kupi.

— Hapo hapo.

— Haya. Akitoka, atakwenda wapi?

— Akishinda atakwenda fainali, alisema Wembe.

— Na zikiisha fainali?

— Atatoka nje, alisema Kamusi.

— Nje wapi?

— Kwao, alisema Wembe.

— Kwao wapi?

Wembe alitazama viatu vyake. Kamusi, mwenye neno kwa kila kitu, alichungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu lilibaki kwenye machicha. Bi Birika alianza kusugua mfuniko wa birika ambao haukuwa na doa. Siku ile binti alipoondoka ilikuwa saa mbili asubuhi, kahawa inamiminwa, na benchi zima lilisikia alichoambiwa.

— Nimeuliza vibaya? alisema muuguzi.

— Hapana, mama, alisema Kamusi. Umeuliza vizuri.

Soli aliinamia kiatu cha muuguzi. Alikishika kile kisigino, akakipaka gundi, akakibana, akapiga misumari minne, mmoja mmoja, bila kosa. Akamkabidhi muuguzi kiatu chake. Kisha akanyoosha mkono nje ya kibanda.

— Bi Birika, nipe kahawa.

Bi Birika aliinamisha birika. Likatoa matone mawili na machicha.

— Imekwisha, baba.

— Haidhuru.

Akafuta vidole kwenye aproni, akatoa simu ya kioo kilichopasuka, akavaa miwani. Aliandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena. Wembe alinyoosha shingo, Bi Birika akamvuta shati akae. Kutoka dukani mteja aliita kwamba povu linakauka, hakujibiwa. Hatimaye Soli alimpa Kamusi simu.

— Mwalimu, niangalizie tahajia. Isije ikasomwa mbele ya watu nikamtia aibu mtoto.

Kamusi aliishika mbali na macho, kama afanyavyo siku zote, akasoma kwa sauti:

— Kura: Namba Nne. Salamu: "Ukitoka, njoo nyumbani."

Akahesabu kwa vidole.

— Maneno matatu kamili. Tahajia haina kosa.

— Basi bonyeza.

— Lakini mzee, alisema Wembe, na safari hii aliuliza kwa upole, akitoka kwa maana ipi? Ya mwalimu au ya kwangu?

— Zote mbili, alisema Soli.

Akageuka, akakumbatia rundo la soli kwa mikono yote miwili, akalitua sakafuni, na kuanza kukifuta vumbi kile kigoda.