Wasifu wa Mama Vioo, Aliyepima Damu ya Watu wa Barabara Yetu

Ndugu, majirani, na wote mliofanya kazi na marehemu: wasifu huu umeandikwa, na unasomwa, na mdogo wake anayemfuata, fundi magari, kwa idhini ya mume wa marehemu. Ofisi yake ya zamani ilituletea wasifu uliokwisha kuchapwa, nusu ukurasa, wenye neno "mchapakazi" mara nne. Tumeshukuru, tukauweka pembeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, mtoto wa pili kati ya watano. Baba alikuwa mpasua mbao, mama mshonaji. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akitumwa kupanguza dirisha, alipanguza, akasubiri saa nzima, akapanguza tena kwa kitambaa kingine, kisha akamletea mama vitambaa vyote viwili avione. Mama alimwambia, "We mtoto, nimekutuma usafi, sijakutuma upelelezi."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, na sekondari ya bweni kuanzia 1980 hadi 1983. Huko alikuwa wa kwanza katika bayolojia na wa mwisho katika mbio, nafasi alizozishikilia miaka yote minne. Mwaka 1987 alihitimu stashahada ya ufundi wa maabara, na Januari 1988 akaajiriwa katika maabara ya hospitali kuu.

Tarehe 22 Agosti 1992 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza jokofu la damu na kurudi mara tatu bila kuitwa. Siku ya harusi bibi harusi alichelewa dakika arobaini, kwa sababu kulikuwa na mtoto mgonjwa anayesubiri damu na mwenzake wa zamu hakufika. Bwana harusi alikuwa amesimama mlangoni, jasho linamtoka. "Nilidhani umebadili mawazo," akasema. "Sijabadili mawazo, nimebadili koti tu," akajibiwa. Mungu aliwajalia binti na mtoto wa kiume, na shemeji yetu hakumlalamikia tena kwa kuchelewa.

Mwaka 2004 alihamia maabara ya utafiti iliyo kando ya barabara kuu, na hapo ndipo alipopata jina la Mama Vioo, kwa ajili ya masanduku ya vioo vidogo vya darubini aliyoyabeba kama mtu aliyebeba mayai. Mwaka 2009 ilikuja kazi kubwa: kupima kama moshi wa malori na wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu unaharibu DNA za watu wa barabara hii. Watu sitini na wawili walitoa damu. Walikuwa wauza matunda, wafagiaji, mafundi wa gereji, akiwemo anayewasomea hapa. Kila mmoja alitia sahihi fomu iliyosema atapewa majibu yake ndani ya miezi mitatu.

Kipimo chenyewe alitueleza jikoni akimenya viazi. Chembe za damu hugandishwa kwenye kioo, hupasuliwa kwa dawa, kisha umeme hupitishwa. DNA nzima hubaki mviringo. Iliyokatikakatika huburutwa na umeme, ikaacha mkia nyuma yake, na kadiri mkia unavyokuwa mrefu ndivyo madhara yalivyo makubwa. "Si kwamba mwenye mkia ni mgonjwa," alisisitiza. "Ni kwamba kuna kitu kinamuumiza."

Ili kujua mkia upi ni mrefu, sharti uwe na damu ya kulinganishia, ya watu wasiovuta moshi ule. Maabara ikatumia damu ya wafanyakazi wake ishirini, kama ilivyozoea, maana ndio waliokuwa karibu. Marehemu alijitoa damu wa kwanza. Hakuna aliyekumbuka kwamba madirisha ya maabara hutazama barabara ileile, na jenereta hunguruma chini yake. Walijiona wamevaa makoti meupe wakadhani na hewa yao ni nyeupe. Mwaka 2010 ripoti ikatoka: hakuna tofauti ya maana kati ya watu wa barabara na watu wa kawaida. Kiwanda kikaibandika getini, kikaongezewa kibali. Majibu ya mtu mmoja mmoja hayakutolewa.

Mwaka uliofuata marehemu alikwenda likizo kwa wakwe zake, mbali na lori lolote, akarudi na damu yao ndani ya kasha la barafu. Mama mkwe wake alilalamika kwamba huyu mkamwana haji kusalimia, anakuja kufyonza. Siku hiyohiyo alijitoa na yeye damu, akaita na watu watano wa barabarani, akazipima zote pamoja. Damu ya wakwe ilikuwa mviringo mtupu. Ya wale watano ilikuwa na mikia mirefu, na mikia ya damu yake mwenyewe haikuwa mifupi kuliko yao. Maabara ilikuwa imelinganisha waliolowa na waliolowa, ikatangaza kwamba hakuna mvua.

Alimpelekea mkuu wa maabara picha hizo. Tunayajua mazungumzo yao kwa sababu alirudi nyumbani akayarudia neno kwa neno, amesimama, hata mkoba hajautua.

"Mama Vioo, ripoti imeshatoka."

"Imetoka na kosa, mzee."

"Si kosa, ni upungufu mdogo."

"Basi tuandike huo upungufu mdogo."

"Tukiandika, watatuuliza siku ile tulikuwa wapi. Utajibu wewe?"

"Nitajibu mimi. Damu ni yangu."

Aliandika barua kumi na moja. Hakujibiwa hata moja. Mwaka 2013 alihamishiwa stoo kuhesabu chupa, mwanamke mwenye uzoefu wa miaka ishirini na mitano. Na sisi ndugu zake, tuseme ukweli mbele ya jeneza, tulimchoka. Mwandishi wa wasifu huu alimtania mbele ya wateja, "Dada, majibu yangu yako wapi, au damu mlipikia?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na mdogo wake hajapata kumwomba radhi hadi leo.

Februari 2022 alianza kukohoa. Mwezi wa tano madaktari wakasema ni saratani ya mapafu. Daktari kijana alimuuliza amevuta sigara miaka mingapi. Akamjibu, "Mwanangu, mimi nimevuta hewa tu." Tulipotaka kusema ni kiwanda kinachomuua, alitukemea kitandani, pumzi haimtoshi: "Sampuli moja si ushahidi. Msinifanye mwongo nikiwa maiti." Basi hatusemi. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake watatu, na mama mkwe ambaye ameshindwa kusafiri. Ameacha pia ripoti ambayo haijafutwa. Mkuu wa maabara ametuma shada na udhuru.

Lipo jambo moja la mwisho, ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe kabla hatujamfukia. Wakubwa walipotaka kusahau utafiti ule, walitupa daftari la majina na picha zote stoo, wakasahau nani waliyemtupa huko kabla. Alipougua alizipitia zote. Leo, kwenye meza ile karibu na kitabu cha rambirambi, kuna bahasha sitini na mbili. Wenzetu kumi na tisa wametangulia, kwa hiyo watoto wao wachukue. Binti wa marehemu atamkabidhi kila mmoja ya kwake, na asifungue mtu ya mwenzake. Ndani kuna picha ya chembe yako, maelezo ya kuisoma, na chini yake maneno aliyoandika kwa mkono: "Tulikulinganisha na watu wasiofaa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Umechelewa kupata majibu yako. Niwie radhi." Ameyaandika mara sitini na mbili. Kuanzia bahasha ya hamsini mwandiko haunyooki, lakini unasomeka.

Apumzike kwa amani, ile ambayo sisi na ofisi yake hatukumpa.