Mama Nancy na Maana ya "Siwezi"

Baada ya miaka thelathini na minne kazini, Bi. Ida Chilumba, ambaye sote tunamwita Mama Nancy, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kitengo chetu cha mazoezi tiba hapa Masasi kimeshaanza kupooza tangu aende likizo yake ya mwisho.

Alianza mwaka 1991 kama mhudumu wa wodi, akaenda kusomea mazoezi tiba, akarudi na cheti na maneno yake. Mgonjwa wa kiharusi akilalamika kwamba mkono hausikii, humwambia mkono haujafa, umenuna tu, unataka kubembelezwa. Daktari mpya kwake alikuwa mgeni mpaka apande naye mlima wa Newala kwa pikipiki kutembelea wagonjwa majumbani, na kula vumbi la kutosha.

Miaka sita iliyopita tulishirikiana na watafiti kutoka Dar es Salaam kufuatilia wagonjwa arobaini na mmoja wa kiharusi waliorudi nyumbani. Dodoso liliuliza, "Unaweza kutembea?" Karibu wote walijibu "Siwezi". Rasimu ya ripoti ikasema ziara zetu za majumbani hazisaidii, bora zisitishwe. Wagonjwa wale wangebaki na vitanda vyao.

Mama Nancy aliisoma, akamkuta Mzee Abdulatifu wa Chiwata kaandikwa hawezi kutembea. Alicheka mpaka akakaa chini, maana juzi yake alimkuta mzee huyo shambani anapalilia mikorosho. Akawaeleza watafiti kwa upole kwamba huku mtu akisema hawezi, anasema anaumwa. Wazee wameulizwa habari za miguu, wao wamejibu habari za afya.

Haikutosha kueleza. Kwa wiki tatu alizunguka nao nyumba kwa nyumba, akiuliza swali lake mwenyewe: "Jana ulifika wapi?" Mmoja alifika jikoni, mwingine msikitini. Bi. Oliva wa Newala alifika kanisani na kugombana na kwaya nzima. Ishirini na sita walikuwa wanatembea. Ziara zikaendelea, na hao kumi na tano waliobaki hakuwaacha.

Mimi Cyril, ninayeandika haya, nimepanda naye Newala kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja. Alhamisi iliyopita nilipanda peke yangu, na sikuipenda safari ile. Nilipofika kwa Mzee Husseni, ambaye hakuwa ametamka neno tangu augue miaka miwili iliyopita, alitazama nyuma yangu, akimtafuta Mama Nancy. Kisha akasema, "Mama?"

Nililia mbele ya mgonjwa, Mama Nancy, jambo ulilonikataza.

Asante kwa yote. Tunakuombea afya njema na mavuno mazuri huko shambani kwako Lisekese. Tumeanza kukukumbuka mapema mno. Ukipata nafasi Alhamisi moja, panda Newala. Mzee Husseni anakuulizia.